Kitinda na Gesi Iliyoihama Galaksi

Marehemu, ambaye nyumbani hatukumwita kwa jina jingine ila Kitinda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1976 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa sita na wa mwisho wa fundi bomba na mshona nguo. Mama yake alikuwa amekwisha kugawa nepi zote kwa majirani, akidhani amemaliza uzazi. Ikabidi azirudie nyumba kwa nyumba, huku wenyewe wakimcheka.

Alianza shule mwaka 1983. Hesabu zilimwingia, sindano ilimkataa kabisa. Bomba kuu lilipopasuka karibu na shule, wenzake walikimbia; yeye alisimama akimuuliza baba yake, aliyekuja kulitengeneza, kama udongo uliokuwa ukimeguka pale unasukumwa na maji au unaporomoka wenyewe tu. Baba alimwambia asogee asije akalowa. Fundi akiwa kazini ana majibu mafupi.

Alihitimu shahada ya uzamivu mwaka 2006, akaajiriwa katika kituo cha darubini za redio, ofisi ya dirisha moja lililotazama maegesho ya magari. Kazi yake aliwahi kuieleza mezani, akipanga chembe za chumvi. Katikati ya galaksi, alisema, kuna shimo jeusi zito mno. Katika baadhi ya galaksi, vitu vikiliangukia shimo hilo, kando yake huchomoka mkondo mwembamba wenye kasi ya kutisha, nayo madishi ya darubini huunasa kama mawimbi ya redio. Galaksi hiyohiyo hupoteza gesi, inatoka inakwenda zake. Na gesi ikiisha, nyota mpya hazizaliwi tena. Kitinda alishikilia kwamba mkondo ndio unaoifukuza gesi. Wakubwa zake walimbishia, naye akaganda na galaksi moja miaka kumi na minane ili awaonyeshe. Baba yake alimuuliza kama galaksi nyingine zimekwisha. Kitinda alicheka mpaka chumvi ikamwagika.

Mwaka 2008 alifunga ndoa na mwalimu wa historia, ambaye alikuwa akilalamika kwamba ameoa mke pamoja na galaksi. Walijaliwa binti mmoja.

Februari mwaka huu, 2024, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshatambaa. Aprili zamu yake ya darubini ikafika, akiwa wodini. Mwenzake wa kazini, huyu tuliyezoea kumwita Mrefu, akaifanya kazi kwa niaba yake. Majibu yakaja mabaya: mkondo unaelekea upande huu, gesi inatokea upande ule, na mkondo unapopita gesi imetulia tuli.

Mume alimdaka Mrefu kwenye ukumbi wa wodi. "Shemeji, mwambie umekuta kama alivyosema. Hana siku nyingi. Galaksi haitakuja kumsuta."

Mrefu akakubali. Akaingia, akasema mambo yamekwenda vizuri. Baba yake Kitinda alikuwa amekaa kitini kando ya kitanda, akaona jinsi mgonjwa alivyonyoosha mkono kuomba ramani ya mkondo na gesi. Mrefu akasema ameisahau ofisini.

"Wewe usahau ramani?" Kitinda akasema. "Sema tu, ndugu yangu. Si mkondo?"

"Si mkondo, dada."

Kitinda akageukia ukutani. Siku ile hakula, wala hakutaka kushikwa mkono. Mume alimwambia Mrefu maneno ambayo hayafai karatasi hii.

Kesho yake asubuhi Kitinda alimwita Mrefu, akamwagiza waandike kwamba alikosea, na jina lake litangulie. Kisha akamgeukia baba yake. "Na siku ya kunizika msome hivyohivyo, baba. Msinipambe."

Waliandika kidogokidogo, sentensi moja kisha pumzi. Kitinda alifariki dunia tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, kabla hawajamaliza. Kinachoifukuza gesi ile bado hakijulikani.

Mume wake aliomba habari hizi ziondolewe. Ni mfiwa, ana haki ya kuomba. Zimebaki kwa sababu baba mtu alikuwa ameshamwitikia binti yake.

Mama yake na ndugu zake wawili walimtangulia. Ameacha mume, binti wa miaka kumi na mitatu, baba, kaka wawili na dada mmoja, pamoja na Mrefu, aliyeachiwa kurasa za mwisho.

Apumzike. Amani tuliyoshindwa kumpa bila uongo, Mungu ampe.