Namba ya Mkunga Imepinduka

Benchi la kijiwe liko mbele ya duka la kinyozi, mguu mmoja umevunjika siku nyingi, limeegeshwa tofali. Alasiri hiyo Kidole alikaa ukingoni na kikombe cha kahawa asichokinywa. Ni mchapaji wa duka la jirani, na jina kapewa kwa kuchapa kwa kidole kimoja. Ukutani mbele yake pamebandikwa tangazo la mkunga, kazi ya mikono yake mwenyewe, lugha mbili, Kiswahili na Kiarabu, na namba ya simu. Namba imepinduka, naye ndiyo kwanza anaona. Matangazo yenyewe yalishatapakaa mtaa mzima tangu asubuhi.

Alipowaambia, wenzake wa kijiweni wakataka kujua namba inapindukaje.

— Kila herufi kwenye kompyuta ina upande wake, japo huuoni. Kiarabu kinatoka kulia, hizi zetu zinatoka kushoto. Kistari cha katikati ya namba ndicho hakina upande, kinafuata majirani. Nilipoihamishia namba kwenye mstari wa Kiarabu, kistari kikafuata huko, nusu ya mwisho ikaruka ikakaa mbele.

— Na hukuhakiki?

— Nilihakiki. Kabla sijaihamisha.

Kinyozi akamwambia asijitie presha bure, namba mbovu haiiti, mtu ataona kimya atamfuata mkunga kwake. Akamalizia kwamba mwenda pole hajikwai, ingawa hakuna aliyekuwa anakwenda popote.

Fundi viatu, ambaye hazimiki na ndiyo maana wanamwita Redio, akakataa. Namba haifi, alisema, kila moja ina mwenyewe anayeingoja iite. Haba na haba hujaza kibaba, akaongeza, methali isiyohusika kabisa.

— Halafu fikirini wenyewe. Ukimpindua mkunga, unampata nani? Mchimba kaburi.

Kinyozi akacheka peke yake.

— Hebu acha uchuro, Redio, mama muuza kahawa alimkemea. Mtaa huu una wajawazito.

Hapo akatokea mwanaume anahema, ndala mguu mmoja. Akawaamkia haraka, akauliza kama wamemwona mtu anayetafuta nyumba yake. Mkewe ameshikwa na uchungu, na yeye amepiga namba ya kwenye tangazo.

Kidole akasimama.

— Ikaita?

— Ikaita, ndugu yangu. Kapokea mwanaume. Kaniuliza nyumba iko wapi, akasema nisimpigie mtu mwingine, yuko njiani.

— Hiyo si namba ya mkunga. Nimeikosea mimi.

Yule bwana akalitazama tangazo, kisha akawatazama mmoja mmoja.

— Sasa anayekuja kwa mke wangu ni nani?

Redio akaanza kusema “mchimba,” mama muuza kahawa akamziba kinywa. Kidole alikuwa ameshatimua mbio kwenda kwa mkunga, na kahawa yake ilikuwa inatiririka benchini.