Mama Wembe na Shavu la Mheshimiwa

Wasikilizaji wapendwa, kama una chungu jikoni punguza moto, na kama una mtoto anayelia mpe ziwa au mpe baba yake. Leo tunamkumbuka kinyozi. Ndiyo, kinyozi. Si waziri, si jenerali, si mwenyekiti wa kamati ya kitu chochote. Hao wana watu wa kuwalilia kwa mshahara.

Tunamkumbuka Mama Wembe, aliyefariki Alhamisi iliyopita. Alifia kitandani mwake, mwanawe akiwa amemshika mkono. Narudia: mwanawe akiwa amemshika mkono. Lishikeni hilo, maana vita vya mpakani bado vinaendelea, na katika mtaa ule si kila mama atashikwa mkono na mwanawe.

Duka lilikuwa la mumewe. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja na fundi wa kupima ukuta, wakisema patafaa kuuzia simu. Mama Wembe aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa koti jeupe la marehemu, akanoa wembe kwenye mkanda wa ngozi uliokuwa ukining'inia kando ya kioo, akamwuliza shemeji mkubwa kama angependa kuwa mteja wa kwanza. Shemeji akakumbuka kwamba ana safari.

Wanaume wa mtaa walicheka. Mwanamke anishikie wembe shingoni? Aliyecheka kuliko wote alikuwa mwenye bucha. Na huyo huyo mwenye bucha ndiye aliyekuja wa kwanza, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu alikuwa na harusi kesho yake na kinyozi mwingine alikuwa amemchana sikio. Tangu hapo kiti hakikupoa.

Duka lile lilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: aliye kitini ndiye msemaji, walio kwenye benchi wasikilize. Ukimkatiza, unarudi mwisho wa foleni. Mama Wembe alikuwa akisema kwamba mtu mwenye wembe shingoni hana nafasi ya kutunga uongo.

Sheria ya pili: hatoki mtu hapa nusu. Awe na pesa au asiwe nazo, umeme uwepo au ukatike, akishakupaka povu atakumaliza. Mdogo wake, tuliyeongea naye juzi pale nyumbani, anakumbuka siku jiko la jirani lilipolipuka moto na watu wakakimbilia barabarani. "Nilimwambia, dada, tutaungua," anasema. "Akanijibu, basi tuungue tukiwa safi. Akamalizia kidevu cha yule mzee, ndipo tukatoka."

Sasa twende kwenye uchaguzi uliopita. Mnaukumbuka. Vita vilikuwa vimeanza, na hakuna aliyeweza kutueleza vimeanzaje. Mtoto wa pekee wa Mama Wembe alikuwa amechukuliwa kwenda mpakani, yeye na wenzake wa mtaa ule. Walinyolewa kipara pale pale dukani kabla ya kupanda lori. Mama Wembe aliwanyoa wote, wa kwake akamweka mwisho.

Wagombea walikuwa wawili. Mheshimiwa, aliyetuingiza vitani, akisema ushindi uko mlangoni. Na mfanyabiashara wa saruji, ambaye akihutubia sokoni alikuwa mtu wa amani, na akihutubia kambini alikuwa mtu wa ushindi. Hao ndio tuliopewa tuchague. Mtu ukimkaribisha mgeni ukamwekea vyakula viwili vilivyochacha, humwambii ana uhuru wa kuchagua.

Lakini kitini watu walisema. Mwenye bucha alikaa, akafungwa taulo, akatangaza kwamba kura yake ni ya Mheshimiwa, kwa sababu nyumba ikiwaka moto hunyang'anyi ndoo mkononi mwa anayezima. Mama Wembe akamwuliza, na kama mwenye ndoo ndiye aliyewasha kiberiti? Mwenye bucha akafunga macho akajifanya povu limemwingia. Alichosahau kututajia kitini ni kwamba nyama ya kambini ilikuwa inatoka kwake.

Akaja mwalimu mstaafu. Huyo alisema hapigi kura, wote ni baba mmoja mama mmoja, yeye ameshachoka. Alichoka kwa ufasaha mkubwa. Mabinti zake wote walikuwa wameolewa, na hakuna aliyewahi kuitiwa lori. Akaja dereva wa teksi, akasema yeye ni wa saruji, liwalo na liwe, angalau yule anatamka neno amani hata kama halijui. Mama Wembe alicheka, akasema na yeye atampigia huyo huyo wa saruji, ila ataingia kituoni ameziba pua.

Halafu kulikuwa na fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwanawe alikuwa wa kwanza kufa kule mpakani. Alikuja kupunguzwa nywele, akakaa kitini, na kwa kuwa ilikuwa zamu yake kusema, akasema. Kura yake ni ya Mheshimiwa. Benchi likaguna, akaligeukia kupitia kioo.

"Nikimkataa huyo, nimekubali kwamba mwanangu alikufa bure," alisema. "Ninyi mnaweza kulikubali hilo. Mimi bado nalala chumba kimoja na nguo zake."

Mama Wembe, ambaye alikuwa na jibu la kila mtu, kwa huyo alichukua mkasi tu. Alimpunguza nywele, akampangusa shingo, akamshika bega.

Wiki ya mwisho ya kampeni, washauri wa Mheshimiwa wakaamua aonekane na wananchi wa kawaida. Wananchi wa kawaida ni sisi, wasikilizaji wapendwa, tunaokumbukwa kama mwavuli, mvua ikinyesha. Wakalichagua duka la Mama Wembe kwa sababu lilikuwa na mwanga mzuri wa picha. Hawakuuliza zaidi. Kuuliza ni kazi, na wale ni washauri.

Mheshimiwa akaja na wapiga picha, na redio hii ikaja na kipaza sauti, kikawekwa kwenye rafu kati ya poda na spiriti. Akakaa. Akafungwa taulo. Akapakwa povu mashavu yote mawili. Mama Wembe akanyoa shavu la kulia, vizuri, bila haraka. Kisha akauweka wembe juu ya rafu, akakunja mikono.

"Mheshimiwa, mwanangu yuko mpakani na wenzake wa mtaa huu," akasema. "Watarudi lini?"

Mheshimiwa akacheka. Akasema hayo ni masuala ya usalama wa taifa. Mama Wembe hakuugusa wembe. Mheshimiwa akazungumzia mshikamano. Wembe uko pale pale. Mpambe wake akaangalia saa, wapiga picha wakaangalia mpambe, na povu la shavu la kushoto likaanza kukauka. Waliowahi kukaukiwa povu usoni wanajua, ngozi inavuta, inawasha, na hujikuni mbele ya kamera.

"Kabla ya mvua," akasema Mheshimiwa.

"Wote?"

"Wote, mama. Ahadi ni deni."

Benchi zima likasikia. Nchi nzima ikasikia. Na Mama Wembe akafanya kile ambacho kinyozi mzuri pekee ndiye angekifanya. Akalowesha brashi, akapaka povu jipya, akanyoa shavu la kushoto mpaka likang'aa. Akampaka spiriti, akampiga poda, akamfungua taulo. Hatoki mtu hapa nusu.

Jioni ile alimwambia mdogo wake jambo ambalo mdogo wake hajalisahau. "Nimewahi kumnyoa mwizi wa kuku," alisema, "akatetemeka mpaka nikamshika kichwa. Huyu bwana amesema kabla ya mvua, na koo lake halikucheza hata kidogo. Sijui ni ukweli, sijui ni mazoea."

Lakini alimpigia kura. Ndiyo, Mama Wembe, wa kuziba pua, alimpigia kura Mheshimiwa. Dereva wa teksi naye akageuka, akisema amesikia kwa masikio yake mwenyewe. Mtaa mzima ulipanga foleni uwanjani mwa shule ukachagua ahadi iliyotoka kwenye shavu lenye povu. Tulikuwa wajinga, na tulikuwa wajinga wenye furaha. Mheshimiwa akashinda. Mfanyabiashara wa saruji akaenda kumpongeza, na muda si muda saruji ya kambi mpya ikawa inatoka kwake. Amani imemwendea vizuri sana.

Kabla ya mvua, kweli, gari likaja. Gari moja. Likasimama mbele ya duka, akashuka kijana mmoja, mtoto wa Mama Wembe. Wapiga picha wakamwomba amkumbatie mama yake tena, mara ya kwanza mwanga haukuwa mzuri. Kina mama wa mtaa walikuwa wamejipanga ukutani, wakichungulia ndani ya gari. Mpambe akawaambia wengine wanakuja. Akapanda gari akaondoka. Mvua ikanyesha, ikaisha, ikanyesha tena.

Yule kijana sasa ni mtu mzima mwenye ndevu za kwake, na ndiye aliyebaki na duka. Nilimwuliza siku ile ilikuwaje. "Waliita jina langu peke yake," aliniambia. "Nikafikiri nimekosa, naenda kuadhibiwa. Wenzangu wakanipa salamu za mama zao. Nilirudi na salamu tu, nikazigawa nyumba kwa nyumba."

Na mtaa ukafanya nini? Mtaa ukamwacha Mheshimiwa, ukamgeukia kinyozi. Wakasema Mama Wembe aliuza watoto wa wenzake akanunua wa kwake. Mwenye bucha akahamishia ndevu zake mtaa wa pili. Mwalimu mstaafu, ambaye hakumpigia kura mtu yeyote, ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote. Benchi likabaki na vumbi. Jirani ndiye rahisi kumchukia; wa mbali anahitaji nauli.

Aliyevunja mgomo ni fundi cherehani. Alivuka kizingiti akakaa kitini, akasema punguza. Na kwa kuwa aliye kitini ndiye msemaji, akasema. "Wanasema umetuuza. Wote hao, angeshuka mtoto wao kwenye lile gari, wangefunga mlango wakala naye chakula. Mimi nilipiga kura kwa ajili ya aliyekufa, wewe kwa ajili ya aliye hai, na yule bwana alituchota sote kwa kijiko kimoja. Mwanao amerudi. Usimwonee aibu."

Mdogo wa marehemu anasema siku ile ndiyo alimwona dada yake akilia, wembe ukiwa mkononi, na bado hakumkata mteja.

Miaka ikapita, vita havikupita. Mama Wembe akaanza kukohoa, akapungua, akalala. Wiki iliyopita alimwita mwanawe karibu. Maneno haya nimepewa na mwana mwenyewe, na amenipa ruhusa.

"Kosa langu halikuwa kumwuliza," Mama Wembe alisema. "Hata wewe kurudi si kosa. Kosa langu nilimmalizia. Ningemwacha na shavu moja mpaka waje wote."

Akafariki Alhamisi. Tukamzika Ijumaa. Waliomsusa walikuja wote, na mwenye bucha alilia kwa sauti ya kuombea kura. Sikumpa kitambaa.

Sasa kuna jambo lilitokea juzi. Wakubwa wangu hapa kituoni wameniomba nisilitaje, ndiyo maana nitalisema polepole, mtu asikose neno. Mheshimiwa, ambaye mnajua yuko tena kwenye kampeni, alikuja kutoa pole. Alikuja na wapiga picha. Akamshika mwana wa marehemu mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akaomba anyolewe kwenye kiti kile kile, kwa heshima ya mama. Kijana akamwonyesha kiti. Akamfunga taulo, akampaka povu, akanyoa shavu la kulia, vizuri, bila haraka. Akaufuta wembe, akaukunja, akautia mfukoni. Akafungua taulo.

"Bado upande huu," akasema Mheshimiwa.

"Upande huo ni wa wenzangu," kijana akajibu. "Wakija, nitaumaliza."

Benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyefungua mdomo, kwa kuwa zamu haikuwa yao. Mwenye bucha, na hapa nampa haki yake mara moja tu, aliinuka akafungua mlango ili mgeni apite. Mpambe akakimbilia saluni ya pili. Mwenye saluni alikuwa ameshaanza kufagia, akasema amefunga. Ilikuwa asubuhi. Ya tatu nayo ilikuwa inafagiwa. Mheshimiwa alitembea hadi kwenye gari lake na povu la kushoto, kina mama wakiwa wamejipanga ukutani, na fundi cherehani akiwa mbele yao. Aliyemmalizia huko alikokwenda hatumjui, na hatumtamani.

Kwa mwana wa marehemu, na kwa mdogo wa marehemu, pokeeni pole zetu. Kwa fundi cherehani, na kwa kina mama ambao bado wanapokea salamu badala ya watoto, poleni, na samahani kwamba neno pole ni dogo hivi. Ninyi wengine, Jumapili mtapanga foleni tena uwanjani mwa shule. Piga kura unavyoona, au kaa nyumbani uchoke na mwalimu. Ila kabla hujanyoosha mkono, jiulize umeshalipwa nini hata uanze kunyoa shavu la pili.

Duka la Mama Wembe litafunguliwa kesho asubuhi kama kawaida. Mheshimiwa anakaribishwa kumaliziwa siku yoyote atakayokuja na vijana.