Masufuria Sita, Si Saba

Najib, ilaze simu kifudifudi. Nadira mwanangu, nipandishie mto mgongoni, maji haya ya kifuani hayanipi pumzi nikilala chali, na mwite Musyoka aingie ndani asisimame mlangoni kama mgeni. Mtu aliyekoroga sufuria nami miaka ishirini na miwili ana haki ya kunisikia leo. Haya. Daktari aliwaambia nyinyi kule nje kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu hayana ugonjwa. Basi nisikilizeni wanangu, wakati ulimi ungali wangu.

Nyumba hii ya Timbwani aliyoijenga baba yenu, Mwidani, Mungu amrehemu, mtaigawa kama sharia ilivyosema, na akitokea ami au binamu kuwaletea maneno, mpelekeni kwa kadhi, msigombane barazani watu wakapata la kutafuna. Deni la dukani sina. Deni la mwanadamu ninalo moja, na si la pesa. Nitalifikia.

Hiyo kampuni yenu, wanangu, msidhani naichukia. Mliponiambia mara ya kwanza nilicheka, ni kweli, nikasema mpishi wa arusi na kampuni wapi na wapi, watu wa Likoni wanijua kwa pilau yangu, hawanijui kwa cheti. Lakini Nadira alinikalisha akanieleza kwamba mahoteli ya Shanzu na maofisi ya watu wakubwa hayampi kazi mtu asiye na karatasi, na kwamba turubai likiwaangukia wageni, Mungu aepushe, wenye kudai watadai kwa kampuni, hawatakuja kuing'oa milango ya nyumba hii. Kisha mkanipeleka kwa wakili. Kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kabla ya kukaa. Akaniambia, "Bibi, kampuni ni mtu. Ana jina lake, ana mali yake, ana madeni yake, na wenyewe wakifa yeye hafi." Nikamwuliza hilo neno limitedi lina maana gani. Akasema ni mpaka: ya kampuni yaishia kwa kampuni, ya nyumbani yabaki nyumbani. Nikamwuliza tena, je, kitu kikishaingia ndani ya huo mpaka? Akasema, kikishaingia ni cha kampuni, na kampuni ikianguka, wanaoidai hukichukua.

Nilirudi na neno lile, sikulala nalo vizuri.

Kwani juzi, Najib, ulinisomea orodha ya vitu vinavyoingia katika kampuni. Maturubai mawili, viti mia mbili, meza, masufuria saba. Nilifumba macho, mkadhani usingizi umenichukua. Nilikuwa nahesabu. Wanangu, masufuria yangu ni sita.

Hayo sita niliwapa mkono kwa mkono tangu Mfungo Mosi, mwezi wa Idi, nikiwa na nguvu zangu, nusu kwa nusu, wala asije mtu akasema mama alipendelea. Yatieni kampuni, yaandikeni, yakodisheni mpaka kwa magavana. La saba, lile la vishikio vinne, linalomeza kilo arubaini za mchele, si langu, si lenu, si la huyo mtu wa karatasi. Ni wakfu. Bi Zuleikha wa nyumba ya tatu, ambaye hakujaaliwa mtoto, aliliuza bangili lake la pekee akalinunua, akaniita mbele ya mashahidi, akasema, "Mwanatabu, hili ni la msiba. Atakayefiwa Timbwani, awe Muislamu, awe Mkristo wa bara, aje alichukue bure alirudishe limeoshwa. Arusini lisende." Nami nikaitika labeka, nikalipokea. Nyinyi mmekua mkiliona stoo pamoja na menziwe, mkadhani ni moja lao. Kosa ni langu, sikuwaambia. Na sikuwaambia kwa sababu nilikuwa na haya.

Nipe maji, Nadira. Kidogo tu.

Kupotea njia ndiko kujua njia, nami nilipotea siku moja. Ilikuwa arusi ya watu wazito huko Shanzu, wageni mia sita, na sufuria langu moja lilikuwa limetoboka kitako. Nikaliangalia lile la Bi Zuleikha, limekaa pembeni safi, nikasema moyoni, ni siku moja tu, nani atakufa kwa siku moja? Musyoka wajua, wewe ndiwe ulolipakia garini, ukaniuliza, "Bi Mwanatabu, si hili ni la matanga?" nikakwambia pakia, hukuajiriwa kuuliza. Nisamehe kwa hilo pia.

Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, mamake Boga akafa. Boga huyu fundi seremala wa hapo nyuma ya msikiti. Alikuja mlangoni na vijana watatu kulichukua, kama haki yake, akaikuta stoo wazi na pahali pake patupu. Wakapika katika vijisufuria vya kuazimana, wali mwingine mbichi, mwingine umeungua, na jamaa zake waliotoka Msambweni kumzika mama yao wakarudi na njaa. Niliporudi jioni nilikwenda kutoa pole. Hakunitukana, wallahi angenitukana ningepata nafuu. Alisema, "Kumbe hata la msiba hwenda arusini," akanipa mgongo. Miaka kumi na moja sasa. Tukikutana feri, salamu yangu huijibu, kwa kuwa ni faradhi. Nyumbani kwangu hajakanyaga, nami sikuwahi kwenda kumwomba radhi. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuwa mkubwa kuliko nyinyi.

Basi ndio maana nalia na orodha yenu. Kampuni ni mtu, alisema wakili, nami namwamini, lakini ni mtu asiyefiwa. Hana mama wa kuzika. Hatakuja kujua ni kitu gani kusimama mlangoni kwa jirani, macho mekundu, kutaka sufuria. Mtu wa namna hiyo mpeni kazi, mpeni viti na turubai, msimpe amana ya waliofiwa. Leo mnaendelea vyema, kesho biashara hupinda, na wenye kudai hawatauliza Bi Zuleikha ni nani.

Najib, ichukue simu sasa. Futa saba. Andika sita. Nisomee. ... Tena, sikusikia. ... Sita. Alhamdulillahi.

Musyoka muandikeni kazi kwa karatasi, na jina lake liwe sahihi, maana watu wa pwani twapenda kuyavunja majina ya watu wa bara. Jungu kuu halikosi ukoko. Mkikwama, muulizeni yeye, kipimo cha chumvi anacho.

Nimechoka. Lakini hili... hili mlishike. Chini ya mto wangu pana ufunguo. Lile sufuria litoeni stoo leo, kabla ya magharibi, mlipeleke kwa Boga, na mumwambie, Mwanatabu amekufanya wewe mwangalizi wa sufuria hili la msiba, na anakuomba radhi, hakuwa na miguu ya kuja. Asipowajibu, liwekeni barazani kwake mrudi.

Na siku yangu ikifika... msende kulichukua hivi hivi kwa kuwa mama yenu alilitunza. Mwende nyote wawili, msimame nje kama watu wote, mbishe hodi, mumwamkie, mseme, tumefiwa. Akiwapa, pikeni. Akiwanyima, msimlaumu, pikeni katika vijisufuria vya kuazima, na wageni wangu wakirudi na njaa... basi niacheni, nitakuwa nimelipa.

Radhi zangu mnazo, wanangu, kavu na mbichi. Mungu awape riziki isiyo na kilio cha mtu ndani yake. Muwe ndugu kabla hamjawa wakurugenzi.

Najib... ufunguo umeupata? Haya, nendeni. Wawili, lina uzito. Na lisugueni kwanza, Boga asilipokee na vumbi.