Neno la Kwanza la Binti wa Fundi Viatu

Mimi ni kinyozi, na benchi lililo mbele ya kibanda changu ni langu kwa jina tu. Wenyewe ni wengine. Kuna Profesa, karani mstaafu ambaye hajawahi kufundisha hata chekechea, lakini hakuna jambo asilolijua. Kuna Spana, fundi magari wa gereji ya ng'ambo ya barabara, anayekuja kwa dakika mbili na kuondoka baada ya saa mbili. Kuna Bi Kahawa, mwenye birika, vikombe na maneno machache. Na kuna Fundi Viatu, ambaye meza yake iko hatua tano tu kutoka kwenye kiti changu cha kunyolea. Huyu alitutoroka karibu mwaka mzima. Anafungua, anashona, ikifika mchana anafunga, huyoo, kaondoka. Tukasema siku hizi anaringa. Basi asubuhi moja akaja mwenyewe, akajibana katikati yetu, akamwambia Bi Kahawa amimine kwa wote.

— Kulikoni? — Spana akauliza. — Umeozesha binti nini?

— Binti mwenyewe ana miaka mitano.

— Sasa hii kahawa ya nini?

— Binti yangu kasema.

— Kasema nini?

— Kasema tu, bwana. Anasema! Ana maneno sitini na mawili. Mama yake anayaandika kwa chaki kwenye ukuta wa jikoni.

Binti yake sote tunamjua, tunamwita Kidoti kwa ile alama yake ya shavuni. Alitimiza miaka minne bila kusema hata "mama". Nikijaribu kumnyoa, alipiga mayowe mpaka wateja wangu wengine wakahama kiti. Nilishasema moyoni, na nadhani hata kwa mdomo, kwamba mtoto huyu kadekezwa.

Profesa ndiye aliyepona mshangao kwanza.

— Mimi nilisema. Nilisema yule mtoto anasikiliza. Wenye akili kubwa hukusanya maneno yote kwanza, halafu wanayafungulia kwa mkupuo mmoja.

— Acha zako, Profesa, — Spana akamkata. — Wewe ulisema mama yake alisikiliza redio mno wakati wa ujauzito, mtoto akachoshwa na maneno kabla hajazaliwa.

— Hiyo ilikuwa nadharia ya pili.

— Mimi ndiye niliyegusa penyewe. Nilisema ni breki ya mkono. Injini inanguruma, gari haliendi. Unaingia hapa chini ya ulimi, unalegeza kitu kidogo...

— Ulitaka kulegeza nini kwa mtoto wa watu? — Profesa akauliza.

— Nilisema kwa mfano!

— Hukusema kwa mfano, — Fundi Viatu akasema. — Ulikuja na koleo.

Tukacheka, hata Spana. Fundi naye alicheka, kisha akanigeukia mimi, nami nilikuwa naomba asinikumbuke.

— Na wewe kinyozi?

— Mimi nilisema atasema tu, — nikajibu. — Kwamba hata mimi nilichelewa.

— Ulisema, "Ngoja tu." Wote mlisema ningoje. Nikangoja mwaka mzima.

Hakuwa na hasira alipolisema hilo. Afadhali angekuwa nayo. Nilikitazama kikombe changu kana kwamba kuna nzi amedondokea humo ndani.

— Ila kuna mmoja hakusema ningoje, — akaendelea. — Siku moja mlikuwa mmeondoka wote. Bi Kahawa anasuuza vikombe. Akaniuliza, "Ukimwita kwa nyuma, anageuka?" Nikamwambia, mara anageuka, mara hapana. Akasema, "Mjukuu wangu alikuwa hivyo. Nenda hospitali. Wapime masikio kwanza, halafu uombe watu wa tiba ya kuzungumza. Usiende kesho. Nenda leo."

— Nilisema leo, — Bi Kahawa akasema huku akimimina, — maana ningesema kesho ungepitia kwanza hapa kijiweni.

Profesa akakohoa.

— Sasa huko mkapewa dawa gani?

— Hakuna dawa. Masikio yalikuwa mazima. Tukapelekwa chumba kimoja kina mkeka, bembea na makapu ya vikorokoro. Humo kuna akina mama wawili. Mmoja ni wa kuzungumza, mwingine ni wa tiba ya vitendo: kula, kuvaa, kushika, kucheza. Mimi na mke wangu tukawaita Mama wa Maneno na Mama wa Mikono.

— Haya, wa maneno nimemwelewa, — Spana akasema. — Wa mikono wa nini? Haongei mdomo, mikono imekosa nini?

— Ndivyo nilivyouliza. Unajua alinijibu nini? Akaniuliza, "Huyu mtoto havai viatu?" Ndugu zangu, niliona aibu ya mwaka. Mimi fundi viatu, binti yangu kaingia hospitali pekupeku! Nikamwambia, mama, nimeshamshonea pea saba. Kila akivalishwa anavivua, anatupa, analia mpaka anatapika. Ni ukaidi.

— Ukaidi kabisa huo, — Profesa akaafiki.

— Ngoja. Akaomba kiatu, mke wangu alikuwa nacho kwenye mkoba. Akaingiza kidole ndani, taratibu, kama anayetafuta kitu. Akasema, "Hapa pana mshono. Kwako ni mshono, kwake ni mwiba. Kuna watoto ambao mwili wao unahisi mguso kupita kiasi. Ndiyo maana hataki nywele zinyolewe, ndiyo maana anakimbia kelele. Siku nzima anapambana na miiba. Nafasi ya kutusikiliza sisi ataipata saa ngapi?"

Spana alikuwa amekiweka kikombe chini. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kikiwa na kahawa ndani.

— Na wakati wote huo, — Fundi akasema, sauti imeshuka, — mke wangu ndiye aliyekuwa akilaumiwa. Dada zangu walisema kamlea vibaya. Mama yangu mzazi alisema hivyo, tena mezani. Nami nilikuwepo. Nilikula nikanyamaza.

Bi Kahawa akamwongezea kahawa.

— Nikarudi, nikashona pea ya nane. Ngozi laini, mshono wote nje. Kibaya hicho! Ukikiona utadhani kimevaliwa kinyume. Nikampa asubuhi. Akakigusa ndani, akakigusa tena. Akavaa. Akatembea kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi. Nililia pale, nikasingizia gundi.

— Kwa hiyo tiba ni viatu, — Profesa akahitimisha.

— Tiba ni mchezo, Profesa. Ukiwaona utadhani wanapoteza muda. Mama wa Mikono anambembeza, anampa vibanio vya nguo abane ukingo wa kikapu, anampa unga wa kukanda. Kumbe vidole vinapata nguvu. Kijiko tulikizungushia kitambaa kiwe kinene, sasa anakula mwenyewe na anafunga vifungo viwili vya juu. Na Mama wa Maneno anakaa chini sakafuni, anapuliza mapovu ya sabuni. Yanapaa, Kidoti anarukaruka. Halafu anaacha kupuliza. Kimya. Anamtazama tu.

— Anamtazama kwa nini?

— Anamngoja aombe. Kwa jicho, kwa kidole, kwa sauti, chochote. Alitufundisha hata sisi: taja kitu kwa neno moja, kisha funga mdomo, hesabu kumi moyoni. Spana, wewe unajua ilivyo kazi kunyamaza mpaka kumi?

— Nijue wapi? Sijawahi kujaribu.

Profesa akainua kidole.

— Kumi hiyo si bure. Ubongo una vyumba kumi. Kila ukihesabu, mlango mmoja unafunguka, na neno lenyewe hukaa chumba cha mwisho, karibu na kisogo. Ndiyo maana watu wenye visogo virefu huongea polepole.

— Profesa, ni kumpa mtoto muda wa kujibu tu.

— Si ndicho nilichosema?

— Basi kila asubuhi nakishika kiatu mkononi. Nasema, "Kiatu." Nangoja. Mwezi ukapita. Wa pili ukapita. Kuna siku tulitoka kule chumbani sote watatu tunalia. Nikamwambia Mama wa Maneno, labda hawezi. Akasema, "Jana alikuvuta mkono akakuonyesha maji. Hayo ni mazungumzo. Wewe ulikuwa unasubiri maneno, yeye alishaanza." Tukaendelea. Asubuhi moja nasema, "Kiatu," nahesabu, nimefika saba, nasikia, "Tatu."

— Tatu?

— Tatu! Mke wangu akatoka jikoni mbio, "Anahesabu! Mwanangu anahesabu!" Nikamwambia, sasa moja na mbili ziko wapi? Kidoti akanivuta mkono wenye kiatu, akakasirika kabisa: "Tatu!" Ndipo tukaelewa. Kiatu. Alikuwa anataka kiatu.

Akajifuta uso kwa kiganja chenye rangi ya viatu, kikamwachia mstari mweusi. Hatukumwambia.

— Nilimwomba radhi mke wangu palepale sakafuni. Si kwa la siku ile. Kwa yale niliyoyanyamazia.

Kisha akavuta mfuko kutoka chini ya benchi, akamketisha Bi Kahawa, akamwekea mapajani. Ndani mlikuwa na viatu vya kike vyeusi, ngozi laini, kisigino kifupi.

— Miaka yote umesimama, mama. Sina namna nyingine ya kukushukuru.

Bi Kahawa aliingiza kidole ndani ya kiatu, akakizungusha polepole. Akatikisa kichwa. Akavivaa, akasimama, akaanza kutujazia vikombe ambavyo vilikuwa bado vimejaa.

Nami nikapata ujasiri.

— Fundi, nisamehe. Kwa lile la kungoja, na kwa nywele. Mlete tena. Mashine nitaizima, aishike kwanza, aichunguze atakavyo.

— Nitamleta. Leo anaenda kliniki na mama yake, watapita hapa.

Na kweli, hata hatujamaliza, mke wake akatokea kwenye kona, amemshika Kidoti mkono. Mtoto kavaa vile viatu vyenye mshono nje. Walipotufikia, alisimama. Akamtazama Spana, na ovaroli lake lenye grisi. Akamtazama Profesa, na gazeti lake la juzi. Akanitazama mimi, na vikombe mikononi mwetu, na kile kiti changu cha kunyolea kitupu. Baba yake alifungua mdomo amsalimie, mama yake akamwashiria anyamaze.

Mtoto akakunja uso, akatafuta, akapata.

— Mnafanya nini?

Mama yake alishika mdomo.

— Ameuliza, — akasema. — Baba Kidoti, ameuliza! Huwa anaomba tu. Kuuliza, hajawahi!

Fundi Viatu alikuwa ameshapiga magoti barabarani, anacheka na kulia, na safari hii hakuisingizia gundi. Bi Kahawa akamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini Kidoti hakuwa na habari nao. Alikuwa bado anatutazama sisi watatu pale benchini, kichwa kakiinamisha upande, anataka jibu lake.

Nilimtazama Profesa. Profesa akalitazama gazeti. Spana akajikuna, akalitazama jua lilikofika, akanyanyuka, akavuka barabara kwenda gereji.