Mzee Simel ole Katoo na Maumivu Tuliyoyaita Ushujaa

Mzee Simel ole Katoo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Oltepesi, mwana wa pili wa marehemu Mzee Katoo na marehemu Mama Kakenya, na kabla hatujaendelea, familia inamwomba yeyote aliyekuja hapa kumsifu kwa kuvumilia maumivu aketi kwanza asikilize, maana sifa hizo ndizo zilizomtesa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Oltepesi kuanzia 1965 hadi 1971, akatahiriwa mwaka 1974, hakupepesa jicho, na tangu siku hiyo rika lake halikuacha kulisimulia jambo hilo. Tarehe 2 Juni 1979 aliajiriwa kuwa fundi wa mitambo kiwandani Magadi, akafanya kazi katika joto lile kwa miaka thelathini na minne, akastaafu 2013 na kuhamia Kitengela. Alifunga ndoa na Dinah mjini Kajiado tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu, Saruni, Seleyian anayewasomea haya, na Eunice.

Mnamo Septemba 2024 alianza kuumwa mgongo, na tarehe 17 Januari 2025 tukaambiwa ni saratani ya tezi dume, nayo imeshaingia kwenye mifupa. Siku hiyo daktari alimwomba aonyeshe maumivu yake kwa vidole, kumi yakiwa yale yasiyovumilika, na aliulizwa hayo mbele ya Baba Mkubwa Gideon na wanarika wanne, kwa kuwa kwetu mzee hapelekwi hospitali peke yake. Mwanamume akiulizwa hivyo mbele ya rika lake atajibu nini? Aliinua kidole kimoja, wazee wakatabasamu, daktari akaandika moja, tukarudi nyumbani na panadol, na sisi watoto tukawasimulia majirani kwa majivuno.

Kwa miezi saba aliinua kidole hicho hicho kila kliniki, nasi tukimsindikiza na kumpongeza, ilhali nyumbani aliuma pindo la blanketi mpaka likachanika, Dinah akalishona mara tatu bila kusema neno, akiona haya kumwaibisha mumewe. Agosti uvumilivu ukamwisha Dinah, akalikunja blanketi lile, akampelekea muuguzi Jentrix Makokha kule hospitalini Kajiado. Muuguzi aliliangalia, akaagiza mzee aletwe, akatutoa sote chumbani pamoja na wazee, akafunga mlango, akamuuliza upya. Mzee Simel alifungua vidole vyote kumi, akalia.

Alipewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, na hapa ndipo aibu yetu inapozidi, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa amesikia kwamba dawa hiyo humgeuza mtu teja na kumharakisha kaburini, akaifungia sandukuni, nasi tuliosoma hadi chuo tukatikisa vichwa kukubali. Mtu wa miaka sitini na minane anakufa kwa uchungu, sisi tunaogopa atakuwa teja. Alilala siku kumi na moja akiuma blanketi, dawa ikiwa chumba cha pili.

Tarehe 9 Septemba Dinah alivunja kufuli kwa nyundo, akampimia dawa kwa mkono wake. Mzee alilala mpaka asubuhi, akanywa chai, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kumbe hii dawa iko, na mimi nimeumia hivi?"

Baada ya hapo aliketi nje, akabishana na Saruni juu ya mbuzi, akamtania mkewe, kwa wiki saba tu, akatutoka tarehe 30 Oktoba 2025 nyumbani Kitengela. Aliagiza haya yasomwe mbele ya rika lake, na Baba Mkubwa Gideon, aliye nasi hapa, ameridhia.

Tunamshukuru muuguzi Jentrix na madaktari waliomsikiliza, majirani wa Kitengela, kanisa, na wafanyakazi wenzake wa Magadi. Aliye na mgonjwa nyumbani, daktari akiuliza habari ya maumivu, atoke nje, amwache mgonjwa ajijibie.

Baba, ulikuwa na haki ya kulia mapema, nasi ndio tuliokuzuia. Tusamehe, upumzike kwa amani.