Bi Kheiria binti Harub, Mtunga Vikuba wa Malindi

Wasifu uliosomwa na mkwewe, Aflah, mume wa binti yake, katika hitima yake, Matrah, Jumapili tarehe 22 Februari 1970

Marehemu Bi Kheiria binti Harub alizaliwa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, mwezi wa Machi 1897. Mdogo wake wa pekee, Bwana Yaarub, alizaliwa miaka minane baadaye.

Alisomeshwa Kurani na Bi Hamdiya, mwalimu wa mtaani, akahitimu akiwa na miaka kumi. Uani kwa mwalimu huyo palikuwa na miasumini, na hapo wasichana walijifunza kutunga vikuba: asumini, kilua na rehani zilizofungwa pamoja, za kuvaliwa na wanawake wanapokwenda harusini.

Mafunzo hayo ndiyo yaliyoiokoa nyumba. Baba yao alipofariki mwaka 1912, Bi Kheiria, mwari wa kutawishwa, alikaa ndani akatunga, na jirani yake Masouda akavipeleka vikuba sokoni Darajani. Kazi ikakua. Wachumaji wa Bububu walimletea asumini kila alasiri, zingali vitumba, na hakuwa na masihara nazo. Siku moja alirudisha kapu zima.

"Ua likishafumbuka mchana, usiku wa harusi ni takataka," alimwambia mchumaji. "Kampambe punda wako."

Mchumaji alicheka, lakini hakuchelewa tena. Kwa maua hayo Bi Kheiria alimlea mdogo wake, akamsomesha, na mwaka 1926 akamsafirisha ng'ambo kuja huku Matrah kuanza biashara ya nguo.

Tarehe 3 Juni 1922 aliolewa na Bwana Thabit, karani wa forodha, ambaye hakumkataza kazi yake. Walijaaliwa watoto wawili, Mahfoudh na Hind. Bwana Thabit alifariki mwaka 1949. Januari 1964, katika siku zile za mapinduzi, Mahfoudh alitoka kwenda kutafuta mkate na hakurudi. Mama yake alikataa kuondoka Unguja hadi Septemba, Hind alipomwambia kwamba naye hatapanda meli bila yeye.

Bwana Yaarub aliwapokea nyumbani kwake hapa Matrah. Mwaka 1966 alimwoza binti yake. Bi Kheiria alisikia kwamba mabustani ya Al Khoudh yana asumini na rehani, akaziagiza, zikaletwa zimefungwa kwa kitambaa kibichi, akavitunga vikuba vya harusi. Wakwe walivistaajabia vikuba vile, wakauliza nani kavitunga. Bwana Yaarub, amesimama mlangoni, aliona haya kusema kwamba dada yake aliuza maua.

"Mtumishi wetu wa Unguja," alijibu.

Bi Kheiria alikuwa ndani na alisikia. Hind alipoinuka kutaka kusema, mama yake alimshika mkono.

"Kaa. Usimharibie mtoto harusi yake."

Alimvisha bibi harusi kikuba cha mwisho. Kesho yake alihamia kwa Hind na mumewe, na hakutunga tena.

Ramadhani iliyopita kifua kilimshika. Alitibiwa hospitali ya hapa Matrah, akapata nafuu kidogo, kisha akazidiwa. Mwezi wa Januari Bwana Yaarub alikuja.

"Dada, nimekuja."

"Nani?"

"Yaarub."

"Mwambie bwana mkubwa mtumishi kalala," alisema. Mdogo mtu akabaki amesimama, machozi yanamtoka. Mwishowe Bi Kheiria alisogeza miguu kumpa nafasi kitandani. "Kaa basi. Utachoka."

Hakusema kama amesamehe, na hakuulizwa. Bwana Yaarub alikuja kila siku tangu hapo, na ndiye aliyekuwa akimnywesha maji alipofariki, Alkhamisi tarehe 19 Februari, baada ya sala ya Alfajiri.

Habari ya harusi ile isingesomwa hapa lau si Bwana Yaarub mwenyewe. Wakwe wake wamo katika hadhara hii, na ametaka wasikie kwamba mtunga vikuba alikuwa dada yake, baba mmoja, mama mmoja.

Marehemu ameacha mdogo wake Yaarub, binti yake Hind, wajukuu watatu, na mwanawe Mahfoudh. Habari za Mahfoudh hatuna mpaka leo. Tumemtaja pamoja na walio hai kwa sababu mama yake hakuwahi kumtaja vinginevyo.

Mola amrehemu, amlaze mahali pasipo na kungoja.