Mzee Shtuka, Mtazama Chelezo: 1947–2024

Tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Machi 1947, saa kumi na moja alfajiri, katika nyumba ya pili nyuma ya kituo cha pampu. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi bomba na mshona magodoro. Mkunga alisimulia kwamba kitoto kilitoka kimekunja ngumi na kukodoa macho, kama mtu aliyesikia mlango unagongwa. Jina alilopewa limo kwenye cheti. Duniani alijulikana kwa jina la Shtuka, na alipoota mvi wakamwongezea Mzee.

Alianza shule Januari 1955, akaishia darasa la nne. Si kwamba akili zilimpungukia. Jumapili, tarehe 19 Agosti 1956, kaka yake alizama katika bwawa la mji, mchana kweupe, watu kumi na wawili wakiwa ukingoni wanapiga soga. Hakupiga kelele, hakurusha maji. Marehemu wetu wa leo, wakati huo wa miaka tisa, alikuwa amemshikia shati, anamsubiri atoke. Tangu hapo, darasani alikuwa akihesabu vichwa tu, nani yupo na nani hayupo, mpaka mwalimu akamchoka. "Kinachoua hakipigi hodi," alizoea kusema.

Basi mwoga wa maji akapewa kazi ya maji. Tarehe 1 Juni 1968 aliajiriwa kusoma kipimo cha kina cha bwawa lile lile, akakisoma asubuhi na jioni kwa miaka thelathini na minne, na hakuwahi kulowesha goti. Fundi wa pampu ndiye aliyemfundisha kuvua samaki mdomo-mpana kwa ndoano iliyofungwa manyoya ya shingo ya jogoo, inayoning'inia chini ya chelezo, kile kipande kinachoelea juu ya maji. Marehemu alivua akiwa amejifunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye nguzo ya uzio. Watu walicheka, lakini samaki walikuwa wake. Mdomo-mpana hanyakui, anafyonza manyoya na kuyatema kabla hujapepesa jicho, na wenzake walikuwa wanasubiri chelezo kizame.

"Kikizama umeshachelewa," aliwaambia. "Tazama povu lililo kando yake. Povu likienda na chelezo kikabaki nyuma nusu pumzi, vuta. Kikiinama kinyume na upepo, vuta. Kikinyanyuka kama kimetuliwa mzigo, vuta, samaki anapanda nayo ndoano."

"Na kama ni jani tu limegusa?" fundi akamuuliza.

"Heri nishtukie jani mara mia."

Mwaka 1979 alitoa samaki mkubwa hata bwawa likashuka sentimita mbili. Kwa kuwa hakujua kusema uongo, aliandika daftarini: "Pungufu sentimita mbili. Samaki ametoka." Bosi akaja na mafundi watatu kutafuta ufa. Asiyeamini amuulize mjane. Yeye ndiye aliyemkaanga, siku tatu mfululizo.

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke ambaye wajuao husema alizaliwa akiwa katikati ya kusimulia kisa. Wiki ya kwanza ya ndoa kandambili yake nyekundu ya kushoto ilipotea, akamshuku mbwa wa jirani. Kumbe mumewe kaichonga chelezo. Ili amtulize, akamchukua bwawani.

"Umeona?"

"Nini?"

"Ameshagusa, ameshaondoka."

"Si ungeniambia!"

"Ningepitia wapi, mama? Maneno yako yamejaa mlango mzima."

Kwa miaka hamsini na mitatu mkewe alikwenda naye, na hakuona hata mguso mmoja.

Tarehe 8 Februari 2024 daktari alisema moyo wa Mzee umechoka na unaweza kusimama wakati wowote, taratibu, bila maumivu. Neno "taratibu" ndilo lililomtetemesha. Akamwambia mkewe, "Siogopi kwenda. Naogopa kwenda kama kaka, mmejaa chumbani mnapiga soga."

"Nitaona," mkewe akasema.

"Wewe?"

Hapo hofu ikahama kifua kimoja ikaingia kingine. Mkewe alifunika cherehani, akaweka kiti kando ya kitanda, akaitoa kandambili ile iliyochongwa na kuilaza juu ya shuka, kifuani pa mumewe. Chelezo kikawa kinapanda, kinashuka. Akafunga mdomo, majirani wakadhani naye anaumwa. Chai ilipoa mkononi. Aliogopa kupepesa macho, aliogopa kupiga chafya. Kila chelezo kilipochelewa kidogo, alimkamata mkono, moyo wake ukidunda kama cherehani.

"Jani," Mzee alimwambia, macho kayafumba.

Miezi minne. Jani, jani, jani.

Alhamisi, tarehe 13 Juni 2024, saa tisa na dakika ishirini alasiri, chumba kilikuwa kimejaa. Binti mkubwa alikuwa anawasimulia wageni habari ya samaki na bosi, na watu wanacheka. Chelezo kikapanda, kikashuka, kikabaki nyuma nusu pumzi. Kati ya wageni hakuna aliyeona. Mkewe alisimama, kiti kikaanguka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nimeona, baba watoto. Nimeona."

Mzee alifumbua macho. Hakusema jani. Alimbana vidole mara moja, kwa nguvu, kama anavuta mshipi. Kisha chelezo hakikupanda tena.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, kitukuu mmoja, dada yake mkubwa, na kandambili moja ya mguu wa kulia.

Apumzike kwa amani. Hakuondoka bila kuonwa.